Hita ya lori inapuliza baridi: tafuta ubovu kwa kufuata dalili

Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, kipupwe kikishashika, madereva wanaoingia gereji yetu hapa Uyole, Mbeya, alfajiri huwa na neno moja: "Fundi, hita inapuliza baridi." Mtu ametoka Dar es Salaam, amevaa makoti mawili, na utingo amejifunika blanketi mpaka puani. Ukimuuliza hita iliharibika lini, hajui. Na atajuaje? Kuanzia bandarini mpaka Ruaha Mbuyuni nani anawasha hita? Akimaliza kupanda Kitonga bado kabini ina joto lake. Ni Mafinga, saa nane usiku, ndipo mkono unapoenda kwenye swichi kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana.

Kwa hiyo ubovu mwingi tunaoukuta huku haukuanzia huku. Ulitengenezwa bondeni, mara nyingi kwa mkono wa fundi, na baridi ya Makambako ikaja kuufichua.

Hita ya kabini haina moto wake. Inaazima joto la injini: maji ya moto hupita kwenye mipira miwili hadi rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi, na feni hupuliza upepo katikati ya ile rejeta. Ili upate joto, maji lazima yawe ya moto, yafike, na upepo upite pale yalipo. Kimojawapo kikikosekana unapigwa na baridi. Lakini maana yake ni kwamba hita baridi ni habari ya maji ya injini kabla hujaifanya habari ya starehe. Nimeona injini zilizoua silinda hedi, yaani kichwa cha injini, na dereva akakiri kwamba hita ilikuwa imepoa tangu Igawa, yeye akafunga koti vizuri akaendelea na safari.

Kabla ya kugusa chochote

Usifungue kifuniko cha rejeta au cha tenki la maji injini ikiwa ya moto. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huku maji matupu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni mgandamizo ulio chini ya kile kifuniko. Ukikifungua, mgandamizo unatoka na maji yanachemka hapo hapo, usoni kwako. Subiri mpaka uweze kuushika mpira mkubwa wa juu wa rejeta bila kuuachia. Weka mawe kwenye magurudumu, na ukinyanyua kabini hakikisha kufuli lake limeshika kabla hujaingiza kichwa.

Baada ya hapo angalia ya bure kwanza. Maji yako kwenye alama? Kitasa cha joto kimezungushwa mpaka mwisho? Geji ya joto inasema nini baada ya nusu saa ya kutembea? Upepo unatoka kwa nguvu? Nusu ya kazi ni kujibu hayo manne.

Kisha fanya kipimo cha mipira miwili. Injini ikiwa imepata joto, hita wazi kabisa, zima injini, kisha gusa kwa uangalifu ile mipira miwili myembamba inayoingia kabini. Yote ya moto: maji yanafika, tatizo ni la upande wa upepo. Mmoja wa moto na mwingine wa baridi: maji yanakwama kwenye hita. Yote ya baridi: maji hayafiki kabisa, au injini yenyewe haina joto.

"Geji haipandi, hita ni vuguvugu, nikiteremka inakuwa barafu"

Hii ndiyo namba moja, wala haina mshindani.

Chanzo cha kwanza ni themostati kutokuwepo. Lori lilichemsha siku moja Kitonga, fundi wa njiani akaitoa, gari likaonekana limepona, kila mtu akafurahi. Mwaka juzi tulifungua nyumba ya themostati ya semi moja: ndani tupu, gasketi imekatwa kwa kisu kutoka kwenye boksi la sabuni, maandishi bado yanasomeka, na silikoni nyekundu imefurika pembeni kama ketchapu. Dereva akashangaa kuliko sisi. Lori lilikuwa limeshabadilisha mikono mara mbili.

Kazi ya themostati ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka yapate joto, na kwenye injini nyingi za malori huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 88. Isipokuwepo, rejeta kubwa inapoza maji muda wote. Tena kwenye injini nyingi themostati ikifunguka huziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi: sehemu ya maji haipoi kabisa wakati wa mzigo. Ndiyo sababu lori lisilo na themostati linaweza kuganda Makambako na bado likachemsha kwenye mlima. Aliyeitoa hakutibu kuchemsha. Alikuahirishia tu. Na injini inayotembea baridi inakunywa dizeli zaidi, inachafua oili na kula silinda.

Chanzo cha pili: themostati ipo lakini imekwama ikiwa wazi. Kuipima ni rahisi. Itundike kwa kamba ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, weka kipimajoto, washa jiko. Inapaswa kuanza kufunguka karibu na namba iliyochongwa juu yake. Hapa niseme jambo ambalo mafundi wa pwani hawana haja ya kulijua: themostati iliyoandikwa 88 hufunguka yote kwenye nyuzi kumi hivi zaidi, na sufuria lako hapa Mbeya halifiki huko, maji yatachemka kwenye 94 ikiwa imefunguka nusu. Usiitupe. Angalia kama imeanza kwenye joto lake na kama inajifunga vizuri ikipoa. Ukiikuta wazi ikiwa baridi mkononi, hiyo ndiyo mbovu.

Cha tatu ni feni ya rejeta inayozunguka muda wote. Feni nyingi za malori zina klachi inayoshika pale joto linapozidi. Asubuhi ni kawaida ingurume kidogo halafu itulie. Ikinguruma mwanzo mwisho, klachi imekwama au mtu ameifunga kwa bolti. Injini ikiwa imezimwa, zungusha kwa mkono: iende kwa uzito kidogo. Ikigoma kabisa kana kwamba imechomelewa, umeipata. Injini ikiwaka, mkono usiukaribie.

Na kuna hali isiyo ubovu. Injini ya dizeli isiyo na mzigo haitoi joto la maana. Ukiteremka Iwambi kwa breki ya ekzosti, dizeli haiingii kwenye silinda, na geji kushuka kidogo ni haki yake. Malori yenye riteda ya oili, ile breki ya ziada ya mteremkoni, hufanya kinyume, yanapata joto kwenye mteremko kwa sababu riteda inamwaga joto lake kwenye maji hayo hayo. Vivyo hivyo kwenye foleni ya Tunduma: kuacha injini ikinguruma usiku kucha ili upate joto ni kuchoma lita mbili mpaka nne kila saa, na bado miguu itakuwa baridi.

Wapo wanaoziba rejeta kwa boksi au turubai. Sikushauri. Utasahau, utaanza kupanda, na mbele ya rejeta kuna kipozea hewa ya turbo ambacho nacho kinahitaji upepo.

"Geji iko palepale pa kawaida, lakini hita haipati joto kabisa"

Kama mipira yote miwili ni baridi, fuata mipira kutoka kwenye injini mpaka kabini kwa macho na mkono, taratibu. Mara nyingi hutafika mbali. Utakuta imekatwa na kuunganishwa yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba, kwa sababu hita ilivuja na mwenye gari akaona joto la Dar linamtosha. Au utakuta koki ya hita imefungwa pale kwenye injini na imeshika kutu. Zamani madereva waliifunga kiangazi na kuifungua baridi ikija. Siku hizi wengi hawajui kama ipo. Usiilazimishe kwa bomba refu la spana. Ni shaba, inakatika, na utabaki na maji ya moto yanayomwagika barabarani. Dawa ya kutu, subiri, jaribu tena.

Kwenye malori ya kabini ya kunyanyua, angalia pia pale mipira inapojikunja. Baada ya kushusha kabini mpira unaweza kubanwa na kukunjika kama mpira wa bustani uliokanyagwa. Hapa kazi ni kuurudisha mahali pake na kuufunga kwa klipu.

Kama mmoja ni wa moto na mwingine baridi, rejeta ndogo imeziba au imeshika hewa. Toa hewa kwanza, kwa sababu ni bure. Injini ikiwa baridi, elekeza pua ya lori kwenye mwinuko ikiwa mdomo wa kujazia uko mbele (vilima havijawahi kuwa shida kwetu), fungua hita mpaka mwisho, jaza maji polepole, legeza skrubu ya kutolea hewa kama ipo, washa injini na uiache kwenye mzunguko wa juu kidogo huku utingo akiongeza maji yanaposhuka. Maji yakitoka kwenye skrubu bila vipovu, kaza. Tembeza gari, liache lipoe, angalia tena kiwango. Mara nyingi litakuwa limemeza lita nyingine.

Hewa ikishatoka na mpira mmoja bado ni baridi, rejeta ndogo imeziba. Na hapa lawama ni yetu sote. Gari linavuja Chimala, tunateka maji ya mfereji na kujaza. Mwingine anatia manjano ya kupikia au unga wa kuzibia matundu. Mwingine anachanganya kulanti (dawa ya maji ya injini) nyekundu na ya kijani, kumbe rangi haikuambii dawa iliyomo, na baadhi zikikutana hugeuka uji. Vijia vya rejeta ndogo ni vyembamba kuliko vya kubwa, kwa hiyo takataka yoyote unayomimina kwenye maji hukaa humo kwanza. Kuisafisha, chomoa mipira yote miwili, funga mpira wa maji ya bomba upande yanakotokea maji, na usukume kinyumenyume kwa nguvu ndogo. Yatatoka mekundu kama udongo wa Mafinga. Endelea mpaka yawe safi, kisha geuza upande. Usitumie kompresa ya upepo: rejeta kuukuu itapasuka na utaihamishia kazi chini ya dashibodi, ambako ni siku nzima. Ukimaliza, jaza mchanganyiko wa kulanti na maji safi nusu kwa nusu, kwa kufuata kitabu cha gari. Kulanti si ya kuzuia kuganda tu. Inapandisha kiwango cha kuchemka na inazuia kutu, na kwenye mwinuko huu yote mawili unayahitaji.

Kama mipira yote miwili ni ya moto na bado upepo ni baridi, acha maji, hamia kwenye dashibodi. Kuna mlango mdogo unaochagua upepo upite kwenye rejeta au pembeni yake. Kebo yake imechomoka au imekatika, au kimota chake kimekufa. Zungusha kitasa huku mwenzako akisikiliza chini: ukisikia mlango unagonga, upo; kimya kabisa, fuata kebo. Kwenye magari mapya yanayoongozwa kwa kompyuta, hapa ndipo pa kumwachia fundi umeme mwenye kifaa cha kusoma hitilafu.

"Nikikanyaga mafuta inapata joto, nikisimama inapoa"

Maji yamepungua. Kabla hujafikiria kingine, gari likipoa angalia kiwango. Hita mara nyingi iko juu kuliko sehemu nyingine za mfumo, kwa hiyo maji yakipungua inakauka ya kwanza. Swali linalofuata ni maji yamekwenda wapi, na jibu si kujaza na kuondoka. Tafuta alama nyeupe au za kijani zilizokauka kwenye viungo vya mipira, chini ya wota pampu (pampu inayozungusha maji ya injini), na kwenye zulia la kabini.

Kama kiwango kiko sawa, kuna hewa, au mkanda unaoendesha wota pampu umelegea, au mapanga ya pampu yameliwa na kutu hayasukumi vizuri kwenye mzunguko mdogo. Pampu ikianza kudondosha maji kwenye kitundu chake cha chini au kulia kwa sauti ya chuma, usipange safari nyingine nayo.

"Hita imepoa ghafla na geji imepanda"

Simama. Pembeni, salama, uzime.

Hita kupoa huku geji ikipanda ni dalili ya maji kutoroka au kutozunguka. Mpira umepasuka, pampu imekufa, mkanda umekatika, au gasketi ya silinda hedi inasukuma moshi ndani ya maji. Na kuna mtego: sensa ya geji husoma vizuri ikiwa imezama kwenye maji. Maji yakiisha inabaki kwenye hewa, na mshale unaweza kushuka. Dereva anaona geji imerudi, anashukuru Mungu, anaendelea, na injini inajichoma kimyakimya. Geji iliyopanda kisha ikashuka yenyewe hali hita ikiwa baridi usiiamini hata kidogo.

Acha ipoe, walau saa moja. Usimimine maji baridi kwenye injini iliyo ya moto, utapasua hedi. Ikipoa, jaza na uangalie: maji yanamwagika wapi? Vipovu vinatoka mfululizo kwenye mdomo wa kujazia? Oili imekuwa kama chai ya maziwa? Moshi wa ekzosti ni mweupe na hauishi? Ukiona vipovu visivyokoma au oili ya maziwa, hapo kazi yako imeisha. Piga simu, lori livutwe. Gharama ya kuvutwa kutoka Igawa mpaka Mbeya inauma, lakini haifiki hata robo ya injini.

"Kuna harufu tamu na kioo kinashika ukungu wa mafuta"

Rejeta ndogo inavuja ndani ya kabini. Zulia la upande wa utingo litakuwa limelowa, na ukungu kwenye kioo hautoki kwa kitambaa, unasambaa tu. Ni hatari kwa sababu mbili: mvuke wa kulanti si wa kuvuta, na kwenye mteremko usiku kioo kinaweza kuziba wakati unakihitaji zaidi. Funga koki, au unganisha mipira miwili nje ya kabini kwa muda, ili ufike gereji. Safari hii kuunganisha ni halali, mradi uandike kwenye karatasi na kuibandika kwenye dashibodi, ili dereva wa kesho ajue. Na maji ya kulanti uliyoyamwaga usiyaache kwenye karai uani. Ni matamu, mbwa na watoto huyanywa, na ni sumu.

"Hakuna upepo kabisa"

Fyuzi, kisha relei, kisha mota ya feni. Ikifanya kazi spidi ya mwisho tu, rizista, ile inayopunguza umeme kwa spidi ndogo, imeungua. Fyuzi ikikatika tena baada ya kubadilishwa, usiweke kubwa zaidi wala usifunge waya. Nyaya zinaungua nyuma ya dashibodi mahali usipopaona. Kumbuka pia malori mengi ni volti 24, mota ya gari dogo haitadumu humo. Upepo ukiwa dhaifu tu, toa chujio la hewa ya kabini. La magari ya mbao yanayoingia msitu wa Sao Hill utalikuta limejaa vumbi na sindano za misonobari.

Hita ya kulalia, ile ya dizeli

Malori mengi ya mtumba kutoka Ulaya huja na hita ndogo inayochoma dizeli yenyewe, injini ikiwa imezimwa. Hii ni mashine tofauti kabisa na ile ya maji. Ikiwaka na kujizima baada ya dakika chache, sababu ya kwanza ni betri dhaifu. Ya pili ni mafuta: bomba lake kwenye tenki limekatwa fupi makusudi lisifike chini, ili isikumalizie dizeli ya safari, kwa hiyo tenki likishuka hita inazimika ingawa injini bado ina mafuta. Ya tatu ni ekzosti yake, ile ndogo chini ya kabini, kuziba kwa tope.

Kuna na ya nne, ya kwetu. Nyingi kati ya hizi zimepangwa kufanya kazi kwa muda mrefu mpaka mita 1,500 hivi. Makambako na Njombe zote ziko juu ya hapo. Hewa ni nyepesi, dizeli inazidi, masizi yanajaa kwenye chumba cha moto na plagi yake. Baadhi zina mpangilio wa mwinuko, zisizo nao zinahitaji kusafishwa mara kwa mara. Kazi hiyo si ya kujifunzia barabarani. Ukiona moshi mweusi, ukisikia harufu ya ekzosti ndani, au mkiamka wote wawili vichwa vinauma na kichefuchefu, izime, tokeni nje, na isiwashwe tena mpaka mtu anayeifahamu ameifungua. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu; hiyo unayoinusa ni moshi mwingine tu unaosafiri nayo. Izime pia kabla ya kuingia kituo cha mafuta.

Jiko la mkaa ndani ya kabini linatoa gesi hiyo hiyo, tena nyingi zaidi. Nimeshamkuta utingo Tunduma ameliweka katikati ya viti, vioo vimefungwa, ameshaanza kusinzia saa mbili za usiku. Tulilitoa likiwa bado jekundu, tukalimwagia maji nje, naye akakaa kwenye ngazi ya lori kama nusu saa akilalamika kwamba tumemharibia chai.